Mambrui, ufuo ulioniingiza baharini na dera langu

Nimezaliwa Majengo, Mombasa. Bahari haiko mbali na mlango wetu, na mpaka Agosti iliyopita maji ya chumvi yalikuwa hayajawahi kunivuka magoti. Msicheke, tuko wengi. Kaka zetu walikuwa wakitoroka madrasa kwenda kujirusha majini kule Mji wa Kale, sisi wasichana tunabaki ukutani tumewashikia kanzu na viatu, na tukirudi nyumbani tunachapwa sawasawa na wao.

Ukubwani nilijaribu mara moja. Ilikuwa Idi, tumekwenda hoteli moja ya ufuoni, jina lake nalihifadhi, tumelipa kiingilio cha watu sita na chakula juu. Nikashuka ngazi mbili za bwawa, dera juu, suruali ndani. Mlinzi akapuliza firimbi kama refa aliyeona penalti. Eti nguo ndefu haziruhusiwi majini, zinaziba mashine. Nikatoka mbele ya kadamnasi, dera limenigandama, maji yanachuruzika kwenye vigae, mama mkwe wangu ananitupia leso mgongoni huku akisema astaghfirullahi. Tangu siku ile nikamwambia baba watoto: wapeleke wewe, mimi nitawangojea na taulo.

Kwa hivyo mkiona nausifia ufuo hapa, jueni nausifia kwa kipimo changu. Sina haja ya kitanda cha kuotea jua wala sharubati yenye kijimwavuli. Nilitaka mahali ambapo watoto watapata mawimbi, mama mkwe atapata kivuli, nami sitapulizwa firimbi. Nimepapata Mambrui, kaskazini ya Malindi, na kivuli peke yake ndicho kilichotutoa jasho. Nitakifikia.

Habari ya mawimbi ilianza na mwanangu wa kati, wa miaka kumi. Aliona kwenye simu watu wamesimama juu ya ubao, wimbi linawapeleka kama mkokoteni unaojisukuma wenyewe. Akataka na yeye. Nikampeleka Nyali Jumapili moja, tukakuta bahari imelala kama maji ya karai. Akaniuliza, mama, mawimbi yako wapi? Nikamwonyesha ule mstari mweupe kule mbali. Huku kwetu mwamba wa matumbawe unafuatana na pwani kama ukuta wa ua. Wimbi likifika pale linapigwa, na linalokuja kutufikia sisi ni chenji tu. Maji yakipwa ndiyo kabisa, unatembea kwenye mwani na mawe huku umeinama kama uliyeangusha sindano, usije ukakanyaga miiba.

Mteja wangu mmoja, mwenyeji wa Mambrui, alikuja kuchukua nguo akamsikia mtoto akilalamika. Akasema, mbona hampandi kwetu? Kwetu hakuna mwamba.

Nilidhani ni majivuno ya mtu na kwao. Kumbe ni kweli, na sababu yake ni mto. Mto Sabaki, ule ambao huko juu unaitwa Athi na kisha Galana, unaingia baharini kati ya Malindi na Mambrui. Unashuka na maji matamu na udongo wa bara yote ulikopita, pamoja na ule wekundu wa Tsavo, na matumbawe hayavumilii kimoja wala kingine. Chumvi ikipungua hayastawi, matope yakiyafunika hayapumui. Basi pale ukuta una pengo. Wimbi linatoka bahari kuu moja kwa moja, linapanda mchanga wenye mteremko mdogo kama wa sinia iliyoinuliwa upande mmoja, linavunjika mbali, kisha linakuja mpaka miguuni kwako likiwa povu refu lenye nguvu ya kumsukuma mtoto lakini si ya kumvunja. Hapo ndipo raha ya ufuo huu ilipo. Hakuna jiwe, hakuna shimo la ghafla. Unakwenda hatua arobaini ndani na maji bado yako kiunoni.

Ila mto huohuo ndio unaokunyima rangi. Anayetaka bahari ya buluu ya kwenye kalenda asiende Mambrui wakati wa kusi. Upepo wa kusi unayasukuma matope ya Sabaki kuelekea kaskazini, yaani upande huo huo tuliokwenda, na upepo wa kaskazi unayarudisha kwenye ghuba ya Malindi. Sisi tulikuta maji ya rangi ya chai ya maziwa iliyopungukiwa majani. Wakati wa mvua za masika, nasikia kwa wenyeji, ni kakao kabisa, na magogo yanaelea. Baba watoto alikunja uso. Watoto hawakuona tofauti yoyote, wao walikuwa wanatazama mawimbi.

Safari yenyewe si ngumu. Mombasa mpaka Malindi ni kilomita kama 120, tukapanda matatu ya alfajiri, watu wazima shilingi 600 kila mmoja, kitinda mimba akapakatwa na bibi yake bure baada ya mabishano na konda. Mtwapa foleni kama kawaida. Kilifi tukanunua korosho dirishani, pakiti mbili, moja ikaisha kabla hatujafika Gede. Tulilala Malindi kwa sababu tulikuwa na mama mkwe na sikutaka kumchosha, lakini kwa familia yenye magoti mazima inawezekana kulala palepale Mambrui, kuna nyumba za wageni.

Kesho yake, Jumamosi, tukachukua tuk-tuk mbili, 1,500 kila moja kwenda na kurudi na kutungojea. Ukitoka mjini unashika njia ya Garsen, unavuka daraja la Sabaki, kisha unakata kulia kuelekea baharini. Dereva wetu, kijana mcheshi, alisimama kidogo baada ya daraja ili watoto watafute viboko. Hatukuona hata mmoja, tuliona ndege weupe tu wamejipanga matopeni kama wanafunzi wa asubuhi. Lakini viboko wako, na mamba wako. Akatuonya, na mimi nawaonya nyinyi: mdomo wa mto ni wa kutazamwa, si wa kuoga. Kutoka mdomoni mpaka mji wa Mambrui kuna vilima vya mchanga vilivyosukwa na upepo, vizuri kwa macho. Mkitaka kuoga, pitilizeni mpaka ufuo wenyewe wa Mambrui.

Tulifika saa mbili na nusu asubuhi. Ufuo mpana, mrefu kuliko jicho langu, na juu yake watu wa kuhesabika kwa vidole: wavuvi wanne na hori zao, wanawake wawili na ndoo, mbwa mmoja. Jumamosi ya likizo ya Agosti! Ufuo wa umma wa Mombasa siku kama hiyo huwezi kutandika hata leso ya mtoto mchanga.

Mchanga wake unameta. Ukiuokota kiganjani unaona vichembe vinang'aa kama unga wa dhahabu, ndiyo maana watu huuita ufuo wa dhahabu. Kitinda mimba alijaza mfuko wa kaptura mpaka ikamvuka kiuno.

Palikuwa na mzee mmoja anashona wavu chini ya mvinje. Nikamwamkia, shikamoo babu, akaitika marahaba mwanangu bila kuinua macho, mkono unakwenda. Mimi fundi cherehani, mkono wa fundi mwenzangu siwezi kuupita. Nikachutama nikatazama fundo lake. Tukazungumza nyuzi kwanza, za pamba za zamani na za nailoni za sasa, ndipo nikamuuliza kama watoto wanaweza kuingia. Alichonieleza ndicho nilichokitamani kwa miaka yote niliyoogopa bahari, kwa sababu hakunitisha wala hakunibembeleza. Alinipa saa.

Siku ile ilikuwa mwezi mpevu, kwa hivyo ni bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana. Wakati wa bamvua, akasema, maji ya huku hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, kisha yanageuka na kujaa mpaka saa kumi alasiri. Yanapotoka, mtoto asivuke kiuno, kwa sababu kila wimbi linalorudi linaondoka na kitu. Yakishageuka na kuanza kuingia, hapo bahari inarudisha, mwachie mtoto acheze. Kila siku saa zinasogea mbele karibu dakika hamsini, na baada ya wiki ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, mambo yanapinduka: saa nne asubuhi unakuta yamejaa. Nimeishi na bahari miaka thelathini na minane na hesabu hiyo sijawahi kufundishwa. Shuleni tulifundishwa mito ya Ulaya.

Halafu akaninyoshea kidole kusini kidogo, mahali ambapo mawimbi yalikuwa hayavunjiki, maji yametulia, yana rangi nzito zaidi. Mimi ningewapeleka watoto palepale, nikaona ndipo penye salama. Akacheka. Pale ndipo maji yanapopata njia ya kurudi baharini, akasema, pametulia kwa sababu pana mkondo. Ukinaswa usishindane nao kurudi nchi kavu, utachoka ndiyo mwisho wako. Ogelea kufuata ufuo, kushoto au kulia, mpaka utoke kwenye mkondo, kisha wimbi litakuleta. Nikawaita watoto wote watatu, na baba yao, nikamwomba arudie. Akarudia kwa subira. Naandika hapa kwa sababu Mambrui hakuna mlinzi wa waogeleaji, hakuna bendera nyekundu, hakuna kibao. Ukifika, mtafute mtu mzima wa pale umuulize mkondo wa leo uko wapi, maana unahama mchanga unapohama.

Basi tukangoja saa nne na nusu. Vijana watatu wakatokea na bodi zao za kukodisha, mbili za sponji na moja ngumu ya kizamani iliyopigwa viraka. Shilingi 300 kwa saa. Hapa ndipo nina malalamiko. Bodi ngumu haikuwa na ile kamba ya kufunga mguuni, na hawakumwambia mtoto lolote zaidi ya "lala, shika, piga makasia na mikono". Wimbi la tatu likampindua wa kati, bodi ikarudi peke yake ikampiga mdomoni. Mdomo ukapasuka, damu ikawa nyingi kuliko jeraha lenyewe kama kawaida ya midomo. Kijana mwenye bodi akawa anaikagua bodi yake. Nilimwambia maneno ambayo mama mkwe alijifanya hayasikii. Ukienda, kataa bodi ngumu, chukua ya sponji, na ulizia kamba. Wakikwambia kamba si lazima kwa sababu maji ni mafupi, wajibu kwamba bodi haijui urefu wa maji.

Nilimbana mdomo kwa ncha ya leso safi kwa dakika kumi, nikadhani ndiyo mwisho wa mawimbi. Akatoka pale na uso wa bondia, akachukua bodi ya sponji akarudi. Saa nzima alikuwa akilala kwa tumbo tu na kuja na povu mpaka mchangani, anainuka, anarudi, hasemi na mtu. Karibu na adhuhuri akaweza kupiga magoti. Na mara moja, mara moja tu, alisimama kwa muda wa kusema bismillahi, mikono imetawanyika kama kunguru aliyelowa, kisha akaanguka kwa kisogo. Dada yake mkubwa aliyekuwa na simu alikuwa anajipiga picha mwenyewe. Ugomvi wa picha hiyo haujaisha nyumbani mpaka leo.

Nami je? Nilianza kwa kusimama kwenye kingo. Wimbi likirudi linachota mchanga chini ya visigino, unahisi kama zulia linavutwa. Nikasogea. Magotini nikasimama nikatazama nyuma, kwa mazoea nadhani, kutafuta mwenye firimbi. Aliyekuwepo ni yule mzee na wavu wake, na mama mkwe chini ya mvinje anachambua korosho. Nikaenda mpaka kiunoni. Wimbi likaja, dera likafumka likanizunguka kama mwavuli uliopinduka, miguu ikaachana na ardhi kidogo tu, nikarudishwa chini nikiwa nimesimama. Nikapiga ukelele. Watoto wakadhani nazama wakaja mbio, wakanikuta nacheka, nimemeza maji, kilemba kimeshuka puani.

Alasiri walikuja wanawake wa mjini na watoto wao baada ya sala. Wamevaa mabuibui na madera, wakakaa majini pale povu linapoishia, wamenyoosha miguu, wanazungumza ya harusi. Mmoja alinisogelea akanisabahi kwa vizuri, akaniuliza nimetoka wapi, akaniambia nikae nao maana kusimama kunachosha. Nikakaa. Hicho sijakipata katika hoteli yoyote niliyolipia.

Sasa mniruhusu nizungumze kama fundi, kwa sababu mambo ya nguo watu hawaambiani. Lile dera la kitambaa laini cha kuteleza, tunalolipenda kwa joto la nyumbani, majini ni mzigo. Linakunywa maji, linavimba, linakuwa zito kuliko mtoto wa mwaka, na likishalowa linaonyesha kila kitu. Pamba nzito ya leso nayo inakunywa. Jinsi ndiyo usithubutu. Kitambaa kinachofaa ni kile cha nguo za michezo, cha rangi ya giza, hakinywi maji na kinakauka kabla hujafika daraja la Sabaki. Kanzu ifike magotini tu, ipasuliwe pembeni ili wimbi lipite, chini yake suruali ya laikra, na kwenye pindo utie uzi wa mpira au vipande viwili vidogo vya mnyororo ili isipande juu. Kilemba kifungwe kwa nyuma, pini zote zibaki nyumbani. Mimi nilikwenda na dera kwa sababu sikuwa na nia ya kuingia, na nililipia kosa hilo kwa mabega kuniuma siku mbili.

Na kwa wageni wa mji: Mambrui ni mji wa kale wa Kiislamu, una misikiti na watu wake wa staha. Ufuoni vaa utakavyo kuogelea, lakini ukipanda kununua maji dukani jifunike. Dereva wetu alituambia habari ya sarafu. Mwaka 2010 watafiti wa Kenya na wa China walichimba hapo wakapata sarafu ya Kichina ya enzi za Ming, ya zaidi ya miaka 600. Basi kitinda mimba akamwaga ule mchanga wake wa dhahabu akaanza kuchimba kwa kijiko cha mbaazi. Aliibua vizibo vinne vya soda na ndoano moja iliyoota kutu, tukamnyang'anya ndoano.

Chakula tulibeba, na nawashauri mbebe. Mahamri na mbaazi za nazi kwa asubuhi, bajia za kunde, kachri za muhogo, maembe mabichi na pilipili. Ufuoni tulipata madafu tu, shilingi 70, na baadaye kijana mmoja akapita na viazi karai vilivyopoa. Mchana baba watoto alikwenda mjini akarudi na wali wa nazi na samaki wa kupaka aliopikiwa kwenye nyumba moja aliyoelekezwa na wavuvi. Alingoja saa moja na robo. Samaki alikuwa changu mbichi wa siku hiyo, nazi imekamuliwa kwa mkono, ukwaju wa kutosha, na nasema haya nikiwa mtu ninayejua kupika samaki wa kupaka. Kwa watu sita tulitoa 2,400. Sikuuliza bei ya mtu mmoja mmoja, nilikuwa nalamba vidole.

Kero sasa, na kubwa zaidi ni choo. Ufuoni hakuna. Tulikwenda kuomba kwenye nyumba ya watu, tukakaribishwa kwa heshima, lakini huwezi kujenga siku ya familia juu ya hisani za majirani, tena na mtoto wa miaka mitano. Ya pili ni kivuli: ile mivinje iko michache na iko mbali na maji, na jua likipanda mchanga unaunguza unyayo. Tulimhamisha mama mkwe mara tatu akifuatana na kivuli, mara ya tatu akasema yeye si saa ya jua. Nendeni na hema dogo au shuka na fito nne. Ya tatu ni upepo. Agosti ni kusi, na baada ya saa sita inakuwa kali, mchanga unaruka unaingia kwenye wali. Mawimbi nayo yanavurugika, yanakuja bila mpango. Kwa mtoto anayejifunza, saa zake ni za asubuhi, kwa hivyo tafuta siku ambayo maji yanaanza kujaa asubuhi, upate vyote viwili. Na kuna plastiki. Mto unaleta chupa na malapa kutoka huko ulikotoka, unayatupa ufuoni. Tuliokota gunia moja, lakini hatukuona pa kulitupa. Tulimwachia dereva.

Watu wataniuliza kwa nini nisibaki ufuo wa Malindi mjini, kule Silversand, ambako hoteli ziko na vyoo viko. Jioni ya kwanza tulikwenda. Ni pazuri, na ukishuka kusini kuna hifadhi ya bahari ya tangu 1968, yenye matumbawe na samaki wa kutazamwa. Lakini hatukutembea hatua kumi bila kijana kuja na bangili, mwingine na safari ya mashua, mwingine na "ciao, mama, come stai". Mimi, na buibui langu! Malindi Waitaliano wana mizizi ya miaka mingi, tangu enzi zile mradi wao wa San Marco ulipokuwa ukirusha setilaiti kutoka baharini pale Ngomeni. Ile iliyopewa jina Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, na Ngomeni haiko mbali na Mambrui. Baba watoto alilisimulia hili kwa kirefu hata watoto wakataka tuache mawimbi tukatazame roketi. Vijana wa ufuoni siwalaumu, ni riziki yao. Ila kitinda mimba alijibu "ciao" mara moja tu, na alitufuata muuza bangili mpaka kwenye geti la nyumba ya wageni. Mambrui hakutufuata mtu.

Kama mnapanga, nendeni siku ya kazi au Jumamosi mapema. Uliza mwezi una siku ngapi kabla ya kukata tiketi, ni muhimu kuliko kuuliza hali ya hewa. Bebeni dawa ya jeraha, maji ya kunywa lita zaidi ya mnazodhani, na mfuko wa takataka mtakaorudi nao. Asiyejua kuogelea, kama mimi, akae upande wa povu na asione haya.

Tulirudi Mombasa Jumapili. Mchanga ulioingia kwenye mkoba wangu ulishuka kwenye cherehani, nikautoa kwa brashi siku nzima, na bado ukipiga mwanga asubuhi unaona kitu kinameta chini ya mguu wa sindano. Tangu hapo nimeshona nguo za kuogelea tisa, tatu za jamaa, sita za wateja waliosikia. Wiki iliyopita mama mkwe, aliyekaa chini ya mvinje siku nzima akisema yeye na bahari kila mtu na njia yake, ameleta kitambaa chake mwenyewe. Zambarau, mikono mirefu, na anataka mifuko miwili, mmoja wenye zipu. Nimemuuliza mifuko ya nini majini. Akasema, ya korosho.